Soksi tumeziona, sasa na mlinzi wa getini aambiwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo nimekaa nalo moyoni toka mwezi wa tatu.

Mimi ni mama ntilie, kibanda changu kipo jirani na chuo kimoja hapa Dar es Salaam, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Ninae kijana wa miaka 19 ana Down sindromu, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, ndo anaosha sahani na kupeleka maji mezani, wanafunzi wanamwita Bosi kwa sababu akikuta umekaa hujaagiza anakuuliza umefuata nini hapa.

Sasa tarehe 21 Machi wakaja wanafunzi kama thelathini wamevaa soksi hazifanani, mguu huu nyekundu ule wa mistari, nikajua tu hawa wamevaa gizani umeme umekatika. Kumbe ndo siku ya watu kama mwanangu, Umoja wa Mataifa wanaiadhimisha toka 2012, na soksi ni kwa sababu kromosomu, vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, kwenye picha zinafanana na soksi. Sisi wengine tunazo 46 zimekaa mbili mbili, yeye ile ya namba 21 anazo tatu, ndo maana ikawekwa tarehe 21 mwezi wa 3. Basi. Miaka 19 nalea sijawahi kuelezwa hivyo, nilivyojifungua niliambiwa tu "mtoto wako yuko hivyo hivyo" nikapewa kadi ya kliniki nikaenda zangu.

Kuna binti mmoja, Mungu amuweke, nilimvuta pembeni nikamuuliza kitu sijawahi kumuuliza mtu. Huyu nilimzaa nina miaka 24 na mtaani walisema mengi, mara laana, mara nilichezea uzazi, mama mkwe akasema mbona hii inawapata wanaozaa uzeeni, wewe ulifanya nini. Yule binti akaniambia mama, kweli umri ukienda hatari inaongezeka, ila watoto wengi wa hivi wanazaliwa na akina mama vijana kwa sababu vijana ndo wanaozaa sana, na inatokea tu kwenye kugawanyika kwa seli, hakuna ulichokula wala ulichofanya. Nilienda nyuma ya kibanda nikajifanya nakata vitunguu.

Wakasema pia karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo, na masikio na macho yapimwe mapema. Wa kwangu masikio yaligundulika ana miaka tisa, kabla ya hapo tulikuwa tunamchapa eti kiburi. Mzazi unaesoma hapa mpeleke mtoto.

Sasa wanangu mnisamehe. Mlipiga nae picha karibu wote, mkamwita malaika (malaika gani, huyu anaiba sukari na akinuna ni mpaka jioni), mkamuachia soksi, saa tisa mkaondoka. Kesho yake kazivaa zile soksi kakaa kwenye benchi anawasubiri. Kesho kutwa tena, nazifua usiku anavaa asubuhi. Siku ya tano akawafuata mwenyewe chuoni, mlinzi akamrudishia getini, "hatutaki mataahira hapa", akarudi analia. Yaani mmetoka nje kuja kutuelimisha sisi wauza maharage, na getini kwenu hamjasema kitu!

Wawili walirudi, siwezi kuwadhulumu. Mmoja anamfundisha pesa, jero, buku, buku mbili, ila noti ya elfu kumi hataki kabisa kuiita msimbazi, jina la mtaa wa Simba, kwa sababu yeye ni Yanga damu, anaipokea kanuna hivyo hivyo, lakini chenji ndogo ndogo sasa anarudisha sawa. Huyo huyo ndo kanisimulia kuwa Marekani kuna Anthony Shriver, alianzia chuoni alikosoma pale Georgetown, na mwaka 1989 ikawa Best Buddies, mwanafunzi mmoja anakuwa na rafiki yake mmoja mwenye ulemavu wa akili, wanaenda mpirani, wanakunywa soda, wanapigiana simu. Hata soksi za rangi hazihitajiki.

Na chuo nacho nina swali nacho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Chuo kina kantini, kina bustani, kina vitabu vya kurudishwa kwenye shelfu. Wanafunzi ulizeni huko ndani wapo wangapi, na wenye ulemavu wa akili je, maana nyie mkiuliza mtajibiwa, mimi nikifika hapo getini nitaulizwa nimefuata nini.

Bosi anamaliza sahani saa kumi. Jumamosi yupo, labda Yanga wawe wanacheza. Atakaekuja amwambie kabisa anarudi lini, maana siku hizi anahesabu.

Mama ntilie,
Dar es Salaam