Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: wateja wanapotelea dirishani

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakusalimu. Sisi ni waelimisha rika tunaofanya kazi mkoani humu na wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na watu ambao jinsia wanayoiishi siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Majina yetu tumeyaacha makusudi.

Februari 2017 Wizara ya Afya ilisitisha huduma za VVU kwa makundi haya katika vituo 40, ikasema huduma zitapatikana kwenye vituo vya Serikali. Haya, tuzungumze basi kuhusu kituo cha Serikali, chochote kile, kuanzia mlangoni, kwa sababu mtu hapotei kwenye dawa. Anapotea kabla hajaifikia.

Dirisha la kadi. Mtu anaulizwa kwa sauti, kupitia tundu la kioo, "Unaumwa nini?" Nyuma yake amepanga foleni jirani wa Chikongola, na nyuma ya jirani yupo shemeji. Mtwara si Dar; ukipiga chafya Mikindani, Shangani wanakuombea afya. Kwa hiyo anajibu "homa". Anapimwa malaria, hana, anapewa panadol, anarudi nyumbani na kaswende yake ileile. Dawa ya hili haihitaji bajeti: karani aandike jina, umri na namba, basi. Sababu ya kuja iulizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na mtu aitwe kwa namba badala ya kuitwa jina lake na la baba yake.

Chumbani nako kuna la kusema, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. "Yeye" wetu hana jinsia. "Mwenza" hana jinsia. Muuguzi anaweza kumaliza mahojiano yote kwa "mwenza wako ana dalili yoyote? mlikutana naye lini mara ya mwisho?" bila mtu kulazimika kudanganya hata mara moja. Lugha inambana mtu kwenye kitenzi kimoja tu, nacho ndicho tunachoanza nacho: "Umeoa?" "Umeolewa?" Hapo mwanamume atasema ameoa, mwanamke atasema mume yuko Ruangwa machimboni, na kila jibu linalofuata litajengwa juu ya uongo huo. Swali liwe "Una mwenza, au wenza?" Pale ambapo tiba inahitaji kujua, liulizwe tendo lenyewe, kwa sauti ileile ya kuuliza kikohozi: tendo lilikuwa la mdomo, la ukeni, la njia ya haja kubwa? Kondomu ilikuwepo? Ilipasuka?

Na neno "shoga" likatwe kabisa kwenye midomo ya watoa huduma. Kwa wanawake wa pwani ni neno zuri la rafiki wa chanda na pete, na bibi zetu wanalitumia hadi leo bila haya. Likitoka kwa mtu mwenye koti jeupe kwenda kwa kijana wa kiume, ni tusi, na kijana harudi.

Swali la tendo lina uzito wa kitabibu, halina uhusiano wowote na udaku. Kisonono na klamidia za njia ya haja kubwa na za koo mara nyingi hazina dalili, na kipimo cha mkojo hakizioni. Mtoa huduma anayeuliza usaha wa uume peke yake atamwandikia mtu "hana tatizo" huku ugonjwa umekaa. Dalili zikiwepo, ni kutokwa ute au damu, maumivu wakati wa haja kubwa, na ile hisia ya kutaka kwenda chooni kila mara bila kupata kitu. Mtu anayeogopa atazieleza zote kwa jina moja: "bawasiri".

Vilainishi vya kutumia wakati wa tendo vilipigwa marufuku mwaka 2016, na nafasi yake ikachukuliwa na kilichopo jikoni. Huku kwetu ni mafuta ya nazi. Kwingine mafuta ya mgando, alizeti, losheni. Mafuta huulainisha mpira wa kondomu ya kawaida na kuudhoofisha ndani ya dakika chache, hupasuka bila mtu kuhisi. Mate hukauka. Hata kama kituo hakina kilainishi cha maji cha kugawa, maneno haya ni bure, nayo yasemwe kila kondomu inapotolewa. Iongezwe pia kwamba kondomu iliyoshinda mfukoni mwa dereva wa bodaboda kutwa nzima juani si ya kuaminiwa.

Kuhusu PrEP, dawa ya kumkinga mtu asiambukizwe VVU, tunaomba maelezo yake yasifupishwe kuwa "meza kila siku". Kumeza kila siku ni sahihi kwa kila anayefaa kupewa dawa hiyo. Lakini tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limekubali pia kwa wanaume utaratibu wa kumeza kulingana na tendo: vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, kingine saa 24 baada ya hapo. Tendo likiendelea siku za mbele, kimoja kila siku mpaka siku mbili baada ya tendo la mwisho. Kwa mwenye homa ya ini aina ya B ya kudumu utaratibu huu unahitaji uangalizi, maana kuanza na kuacha kunaweza kuamsha ugonjwa wa ini. Haumfai anayetumia homoni za kike. Kosa tunalokutana nalo zaidi ni mtu kumeza viwili baada ya tendo akadhani amejikinga. Huyo anahitaji PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo, azianze ndani ya saa 72 na azimeze kwa siku 28, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi.

Kuna pia suala la chupa. Vidonge 30 ndani ya chupa ya plastiki vinalia kama kayamba, na nyumba zetu kuta hazifiki juu. Pamba kidogo juu ya vidonge inamaliza kelele. Kile kipakiti cha kufyonza unyevu kibaki ndani. Msimu wa korosho ukikaribia, mtu aliyetulia kwenye dawa apewe za miezi mitatu, maana kuanzia Oktoba atakuwa Tandahimba au Newala na hatakuja mjini kwa ajili yako.

Wanawake wanaopenda wanawake huambiwa hawana haja ya kuchunguzwa mlango wa kizazi. Si kweli. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hupita kwa ngozi kugusana, na kwa vidole na vifaa pia, tena wengi wao wamewahi kuwa na waume. Uchunguzi wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ni wao pia.

Mwisho, karatasi na simu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu tendo la "kinyume cha maumbile", kinabeba kifungo cha miaka 30 hadi maisha, kwa hiyo safu ya daftari inayoonyesha kundi la mteja si safu ya kawaida. Sheria ya VVU ya 2008 inalinda siri ya majibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Tunaomba kundi liandikwe kwa namba, ufunguo wa namba hizo ukae kwenye droo tofauti na daftari, na anayeshika droo ajulikane kwa jina.

Simu ya kumfuatilia aliyekosa tarehe ipigwe kwa makubaliano. Siku ya kwanza aulizwe: simu hii huwa anaishika nani mwingine? Tukipiga tujitambulishe vipi? Akisema "semeni mzigo wangu umefika", iandikwe hivyo kwenye kadi, na anayepiga aseme hivyo hivyo. Akipokea mwingine, akate baada ya kuomba radhi ya kukosea namba. Asipige tena siku hiyo.

Tuko tayari kuketi na makarani na wauguzi wa zamu kwa nusu siku, tukiwa na maswali haya yamechapwa kwenye ukurasa mmoja. Uchague siku ambayo si ya kliniki ya watoto, benchi likiwa jepesi.

Wako,
Waelimisha rika, Mtwara