Taarifa ya prezida kwa bamemba ba asosiasio yetu ya kuchunga parki ya Kahuzi-Biega, mwaka 2023

Jambo kwenu bote, ba mama na ba papa, na ba kadogo baliotuunga mukono mwaka huu. Ku mukutano munene tulikuwa batu 9, na babili kati yao balikimbia mvua tu, njo maana naandika, ili mwenye hakufika asiseme kama hakuambiwa kitu.

Kazi za kawaida munazijua. Tulipanda miti mara mbili, tulifanya salongo moja (kazi ya usafi ya bote), tulipita mu masomo 3 (mashule) kuongelea parki ya Kahuzi-Biega. Mu masomo ni miye mwenyewe nilieleza kama parki ilianza 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka karibu kilometa za mraba 6.000, UNESCO ikaiingiza mu urizi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko ku liste ya zile ziko mu hatari. Mutoto moja akaniuliza hiyo hatari itaisha siku gani. Nikamupa bombo, peremende tu.

Sasa feza. Tuko 64 mu daftari, kotizasio (muchango wa memba) ni dola 2 kwa mwezi, ilipaswa kuingia 1.536 na iliingia 512. Bamemba 14 tu njo balimaliza mwaka. Sitataja majina lakini kuna mwenye anaongea sana ku WhatsApp na kotizasio yake ya mwisho ni ya mwezi wa 2.

Tufike sasa ku ile safari ya kuona gorila Tshivanga, mulango wa parki, yenye nilikatisha na munanilalamikia, juu najua njo munangojea.

Asosiasio ilitoa dola 340, feza ya tiketi ya kuingia parki kila mutu alikuwa nayo mu mufuko yake. Asubui tulitoka Bukavu batu 17, mvua inapiga, madirisha yote ya basi yamefungwa, ndoo mbili za sambaza (samaki badogo) na fufu ziko chini ya viti. Mbele ya kufika mu kijiji ya Miti nikasikia mutu anakohoa nyuma, kisha wa pili, kisha mwingine huku mbele na makamasi yanatiririka. Batu bane. Nikamwambia shofa asimame, na palepale nikasema hatuendelei.

Munasema mungeacha bale bane ku Miti na 13 baendelee. Nimesikia. Lakini bale 13 bamepumua hewa moja nao saa nzima, mafua haiulize tiketi! Gorila iko karibu sana na sisi mu damu, kile sisi tunanywea chai ya tangawizi yeye kinaweza kumuua. Njo maana ekogadi, balinzi ba parki, banakuambia uvae maski, ukae mbali na gorila, na mwenye anaumwa asiingie. Na hii yetu, gorila ya Grauer, haipatikani inchi ingine yoyote, ni Congo tu. Mu 2021 balimu ba mambo ya nyama balitoa hesabu ya karibu 6.800 zimebaki, pori zote pamoja. Mama yake anazaa mutoto moja, anangojea kama miaka ine ndipo apate mwingine. Vita na machimbo ya coltan (madini) bilishamaliza mingi, sasa tukamalize zilizobaki na makamasi yetu, sisi banasema tunachunga parki? Hapana.

Kuna mwenye alisema nilikataa juu miye pia nilikuwa nakohoa na nisingeingia. Ni kweli nilikuwa nakohoa. Lakini ile haibadilishi kitu, na ningekohoa ama nisikohoe ningesema vilevile.

Basi, dola 90 ya basi haikurudi, na miye njo nilibishana na shofa mpaka sauti ikakauka, nyinyi muko munakula sambaza chini ya mabati ya kioski. Chakula dola 60. Ilibaki 190. Hapa njo munaniita diktata, juu sikupiga kura: nilinunua mbabula 19 (majiko), zile zinakula makala kidogo, ni kusema makaa ya kupikia, dola 10 moja, nikazigawia ba mama ba Miti. Tuseme ukweli kati yetu. Maharagi inakaa ku moto muda wa saa tatu kwetu Bukavu, Kadutu na Ibanda, makala inatoka wapi? Ingine inatoka mu parki, na tunainunua sisi wenyewe bamemba, gunia kwa gunia. Mama moja pale alinionyesha mikono yake, vidole vyeusi mpaka ku kucha, akaniambia ile mbabula imemupunguzia gunia moja kwa mwezi. Na ndiyo, moja ilienda kwa dada yangu. Anaishi Miti na yeye anapika.

Memba moja aliuliza pia juu ya Batwa, wenyeji ba ile pori, kama tunasifu parki na wao balifukuzwa mu pori yao bila kupewa kitu. Ako na haki. Komite itaangalia namna ya kubakaribisha, tutaona.

Kwa 2024 tunatumaini kurudi Tshivanga, Mungu akipenda na bakohozi bakabaki nyumbani, kuongeza masomo, na labda kupata biro, juu stoo ya kwa makamu ina panya.

Na zile ndoo mbili za sambaza hazijarudi. Ni za muke wangu. Mwenye iko nazo anajijua.