Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wanaotuponyoka baada ya thieta

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwaka wa 14 sasa. Nakuandikia juu ya wagonjwa wanaotoka thieta (chumba cha upasuaji) salama, kisha hali zao zinabadilika na wanatuponyoka wodini.

Usiku mmoja mama alinishika mkono: "Nesi, hebu njoo umwone mwanangu, anahema kama mtu aliyekuwa anakimbia." Kijana alikuwa na siku nne tangu akatwe kipande cha utumbo uliojisokota. Chati ilionyesha mapigo ya moyo 96 saa kumi na mbili jioni. Chini yake, nafasi tupu. Nilipompima saa nane usiku yalikuwa 132, tumbo limekaza kama ubao. Zamu ile tulikuwa wawili kwa wagonjwa 41. Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia. Alirudishwa thieta, akalala ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) siku 11, akaenda nyumbani na mfuko wa haja kubwa tumboni. Mama yake aliuza ng'ombe wawili.

Mshono ukiachia, mara nyingi mapigo na pumzi hubadilika kabla tumbo halijakaza. Kuliona hilo kunataka saa ya mkononi na mtu mwenye nafasi ya kuitazama. Kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, nacho husaidia sana siku ya tatu au ya nne: kikiwa chini, daktari anapumua, kikipanda, anatafuta chanzo mapema.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika. Asilimia 18 walipata matatizo. Kati ya waliofariki, asilimia 94 walifariki baada ya siku ya upasuaji, yaani mikononi mwetu sisi wa wodini. Utafiti uliofuata, wa 2021, ulijaribu kuwasogeza wagonjwa wa hatari karibu na meza ya wauguzi na kuwapima mara kwa mara. Vifo havikupungua. Mimi sikushangaa: kitanda ukikisogeza bila kuongeza mtu wa kupima, chati itabaki tupu.

Ndiyo maana siombi mashine. Naomba tufanye jaribio letu wenyewe. Chagua hospitali chache za mikoa, ziongezewe wauguzi wa usiku na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya CRP kwa mwaka mmoja. Zihesabu saa zinazopita tangu mapigo yapande hadi daktari afike, wanaorudishwa thieta, siku za ICU, vifo na shilingi. Shilingi za familia nazo zihesabiwe, maana wale ng'ombe wawili hawaonekani kwenye kitabu chochote cha hospitali. Kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, huenda siku nyingi zaidi za ICU zikalipwa na mfuko wa bima. Ni vema mfuko ujue mshahara wa muuguzi mmoja wa usiku unaokoa siku ngapi kati ya hizo.

Ukimtuma mtu kutazama, Mheshimiwa, naomba aje saa nane usiku.

Muuguzi, wodi ya upasuaji