Tabo au silinda namba nne: kipi kifunguliwe kwanza?

Ndugu Mshauri wa Magari,

Salamu kutoka Tanga. Naandika kuhusu Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, sedani, injini ya EJ20 yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na AVCS (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka), gia tano za mkono, inayovuta magurudumu yote manne. Ilitoka Japani na haijachezewa: ekzosi ni ya kiwandani, presha ya tabo haijapandishwa. Sasa gari linatoa moshi wa bluu na linakula oili, karibu lita moja kwa kilomita 900. Tabo ilishabadilishwa mara moja, na baada ya wiki tatu moshi ukarudi vilevile. Fundi mmoja anasema ifungwe tabo nyingine. Wa pili anasema injini ishushwe. Naomba mnisaidie kupanga nini kitangulie kabla fedha nyingine hazijapotea.

Moshi wenyewe una tabia tatu, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Injini ikiunguruma dakika tatu nne bila kukanyagwa, ukikanyaga tu linatoka wingu moja kisha linakata. Hiyo ni dalili ya sili za tabo. Ukiteremka Lushoto kwenda Mombo kwa gia ya pili, mguu ukiwa nje ya mafuta, halafu ukakanyaga ulipofika tambarare, moshi hutoka tena. Hapo mtu hushuku sili za valvu au ringi za pistoni. Lakini mbaya kuliko zote ni wakati wa kupanda kupitia Soni, tabo ikiwa imejaa. Moshi huwa mwembamba na haukati mlima mzima. Kwa kawaida tabo inaposukuma, presha yake upande wa kompresa huzuia oili isipite kwenye sili, kwa hiyo moshi wa namna hii unanifanya nitazame kwingine.

Kompresheni ilipimwa injini ikiwa moto, betri imejaa chaji, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, koili zimechomolewa na pedeli imekanyagwa mpaka chini. Namba 1 ilitoa psi 148, namba 2 psi 150, namba 3 psi 146, namba 4 psi 118. Mtindo wa kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima upya hatukuutumia. Silinda za injini ya boksa kama hii zimelala. Oili hutuama upande wa chini, haizungukii ringi, na jibu lake hudanganya.

Badala yake tulipuliza hewa ya psi 100 ndani ya kila silinda, pistoni ikiwa mwisho wa mpigo wa kubana na valvu zimefunga. Tatu zilivujisha kati ya asilimia 8 na 10. Namba 4 ilivujisha asilimia 35. Mvumo haukusikika kwenye ekzosi wala kwenye njia ya kuingizia hewa, na tangi la maji halikutoa povu hata moja, kwa hiyo valvu na gasketi ya hedi naziondoa kwenye lawama. Hewa yote ilikuwa ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili. Maana yake inapita pembeni ya pistoni: ama ringi imekwama au imevunjika, ama ule ukingo wa pistoni unaoshika ringi umepasuka, ugonjwa unaojulikana sana kwa injini hizi, na hasa namba 4. Tulipitisha kamera kwenye tundu la plagi, kuta za silinda hazina mikwaruzo. Hilo halinitulizi, kwa sababu ukingo uliopasuka huwa umejificha ubavuni mwa pistoni, kamera haiufikii.

Sasa upande wa tabo. Hii iliyofungwa ni ya mtumba, na kabla ya kufungwa mhimili wake ulicheza kidogo sana kushoto na kulia, lakini ulipovutwa mbele na nyuma haukusogea kabisa. Hivyo ndivyo tabo nzima inavyotakiwa kuwa. Baada ya moshi kurudi ndipo ilipofunguliwa ile bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo, nyuma ya hedi ya kulia. Ndani yake mna kichujio kidogo cha wavu, na kilikuwa kimezibwa karibu nusu na masizi meusi. Kosa la gereji ya awali lilikuwa hapo: walifunga tabo nyingine kwenye bomba lenye kichujio cha zamani. Tabo ikinyimwa oili, bushi zake huliwa ndani ya muda mfupi, na vumbi la chuma hurudi kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Mpira wa kurudishia oili kutoka kwenye tabo tuliukagua. Haujabonyea wala haujaziba.

Jambo linalonisumbua ni kwamba wabaya hawa wanasaidiana. Namba 4 ikivujisha, presha hujaa ndani ya sampu. Presha hiyo huizuia oili ya tabo isirudi chini kwa urahisi, basi hata tabo nzima itavujisha kwenye sili. Presha hiyo hiyo husukuma mvuke wa oili kupitia mipira ya kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, ukaenda kuungua pamoja na petroli. Oili ikichanganyika na petroli hushusha oktani, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, na injini hii ya soko la Japani ilipangiwa petroli ya oktani 100 hivi, siyo ya sheli zetu. Oktani ikishuka mlimani kwenye joto, injini inagonga, na kugonga ndiko kunakovunja kingo za pistoni. Ukibadilisha tabo peke yake, duara hili linaendelea.

Ili kupata uhakika tulichomoa mipira ya kupumulia, tukaziba matundu yake upande wa njia ya hewa ili kompyuta isisome vibaya, tukaielekeza kwenye chupa. Kutoka Tanga mpaka Muheza na kurudi, chupa ilikusanya kama mililita 150. Moshi ulipungua sana lakini haukuisha. Mabaki hayo yanaweza kutoka kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, maana ilipofunguliwa tulimwaga humo kikombe kizima cha oili, na haikuoshwa kwa petroli ikakaushwa ipasavyo. Au ni ringi za namba 4 zenyewe. Au tabo ya pili nayo imeshaumia kwa ile njaa ya oili.

Mimi naelemea kushusha injini. Kama ni kuifungua, bloku itenganishwe, silinda zipimwe nusu zake mbili zikiwa zimekazwa pamoja, na ikibidi zichongwe kwenda pistoni za kuongezwa milimita 0.25, yaani 92.25 badala ya 92. Beringi zote mpya, bomba la kunyonyea oili lililomo kwenye sampu libadilishwe kwa kuwa hupasuka, na kile kipoza oili kidogo kilichokaa juu ya filta kitupwe, kwa sababu vumbi la chuma la tabo ya kwanza halitoki humo hata ukiosha vipi. Mkanda wa taimingi, tensheni, puli na pampu ya maji vitabadilishwa hapo hapo. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu hugonga pistoni, hivyo si mahali pa kubana matumizi. Kuhusu bolti za ekzosi, chumvi ya bahari imezila. Zitamiminiwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha na kupashwa moto kabla ya kuguswa, la sivyo stadi zitakatikia ndani ya hedi.

Njia nyingine ni kununua injini ya mtumba ikiwa na gia boksi yake. Ni haraka zaidi, ila nina hofu mbili. Ya kwanza, huwezi kujua ilivyotunzwa kabla hujaipima kompresheni. Ya pili ni difu. Gia boksi za magari haya zina uwiano tofauti wa mwisho, kuna za 4.444 na kuna za 3.900, na ukifunga gia boksi ambayo haikubaliani na difu ya nyuma, ekseli mbili zitashindana kila kilomita mpaka difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, iungue. Gari hili tayari limeonewa kidogo kwa hilo: lilivikwa tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika milimita 3 nyuma. Hiyo ni tofauti ya karibu milimita 19 kwenye mzingo, wakati inayovumilika ni kama 6 tu. Likipata moto lilikuwa linakaza kwenye kona za kuegesha. Sasa tairi zote nne ni sawa na kukaza kumekwisha.

Maswali yangu ni haya. Je, kuna kipimo cha kutenganisha ringi iliyokwama na ukingo uliopasuka bila kushusha injini? Ikiwa ringi imekwama tu kwa kaboni, ningependa kujaribu dawa ya kulowesha kabla ya spana. Je, kile kichujio cha bolti kiondolewe moja kwa moja kama fundi wa kwanza anavyotaka, au kibakie na kubadilishwa kila baada ya muda fulani, na muda huo ni upi kwa joto la pwani? Na mwisho: pistoni za kiwandani au za kufuliwa, kwa gari ambalo presha yake haitapandishwa lakini litapanda Lushoto kila mwezi kwa petroli hii hii ya kwetu?

Gari limesimamishwa mpaka nipate jibu lenu.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga