Kitufe kiko mbele, sufuria iko nyuma

Umoja, Nairobi
Jumanne usiku

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba Imani na kwa watoto. Hatujambo, isipokuwa bega la Baba Imani, na hilo ndilo lililoniweka mezani saa hizi wakati nyumba nzima imelala. Tangu Desemba sijakuandikia hata mstari, na simu zetu zimekuwa zile za "nitakupigia baadaye". Uniwie radhi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kijana wa Mama Baraka anakuja Thika kesho, na nina mchoro ambao siwezi kuueleza kwa simu. Utauona nyuma ya karatasi ya pili.

Kwa ufupi, nahitaji mikono yako na ile mita yako ya umeme, na zaidi ya vyote nahitaji kichwa chako.

Pikapu unaikumbuka. Ulipoiona mwisho ilikuwa na mlango wa nyuma wa kawaida, ule wa kuvuta komeo kisha unauwahi kwa mkono usianguke kwa kishindo. Mwaka jana daktari alipomkataza Baba Imani kunyanyua vitu vizito kwa mkono wa kulia, tuliufunga mota. Unabonyeza kitufe, mlango unashuka taratibu. Unabonyeza tena, unapanda. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa mfanyakazi. Lakini fundi aliyeifunga alikiweka kitufe ndani, chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Rimoti iliyokuja nayo ilipotea kwenye harusi ya Kitengela, ikiwa ndani ya matope au ndani ya mfuko wa mtu. Kimebaki hicho kitufe kimoja, na kiko mbele kabisa wakati kazi yetu yote iko nyuma.

Wewe umepika nasi, unajua inavyokuwa. Sufuria ya pilau ya watu mia haibebwi na mtu mmoja. Wawili wanashika masikio kwa matambara, wanakwenda kwa hatua moja, na wakishaiinua hawana pa kuitua. Nyuma ya gari tumeweka kifuniko kigumu, kwa hiyo mlango ukifungwa chakula kiko salama na vumbi, paka na mikono ya watu. Kwa sababu hiyo tunaufunga kila tukitoka. Na kila tukirudi na sufuria nyingine, mlango umefungwa.

Jumamosi tulikuwa na mazishi Kayole. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ile ya masika isiyo na haraka. Tulikuwa tunapakia hapa nyumbani. Baba Imani na kijana wetu wametoka na sufuria ya maharagwe, bado yanatokota ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mimi nilikuwa jikoni. Kijana akasema ngoja niite mtu, Baba Imani akasema ita upesi. Wakasimama pale kwenye matope, na nilipofika mlango wa dereva, nikaingiza mkono na kukitafuta kitufe gizani, lile bega lilikuwa limeshachoka. Sufuria ikainama upande wake. Mchuzi ulimwagikia mguu wake, si mwingi, ameungua juu ya kidole gumba na anapona. Ila hakuiachia. Aliishikilia kwa bega lile lile bovu mpaka mlango ukashuka, na tangu siku hiyo hawezi kuinua mkono hadi kufikisha kitana kichwani. Namchana nywele mimi.

Mama Neema, siwezi kuendelea kuiangalia hali hiyo. Kile kitufe lazima kihame.

Nimeshawaona mafundi wawili. Wa kwanza yuko Kirinyaga Road, huko ambako mama mkwe wangu bado anakuita Grogan. Alisikiliza nusu dakika, akasema atakata waya za mota zenyewe, azivute mpaka nyuma, azifunge kwenye swichi. Nilimwambia hapana. Wewe ndiye uliyenifundisha, siku ile taa za kanisa zilipoungua, kwamba kitufe kinaomba tu, wa kubeba ni mwingine. Mota ya mlango inavuta moto mwingi, yaani umeme, kutoka kwenye betri kupitia waya mnene na fyuzi yake, na kitufe kinatuma ishara tu kwenye kile kisanduku cha mota kilicho nyuma ya kiti. Ukipitisha moto wa mota kwenye kitufe kidogo na waya mwembamba, kitufe kitaungua, na huenda gari likaungua nacho. Alinitazama kama nimemtukana. Nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili ni kijana wa Kariobangi, pale Light Industries. Huyu nilimpenda. Alifungua plastiki iliyo chini ya usukani, akanionyesha kitufe kina waya mbili tu, nyembamba. Akachukua kipande cha waya, akazigusanisha zile mbili kwa sekunde moja bila kukigusa kitufe, na mlango ukashuka. Niliuona kwa macho yangu. Akasema basi hakuna cha kung'oa. Tunapachika waya mbili nyingine pale pale, tunazipitisha chini ya zulia kando ya mlango, tunazitoa kwenye tundu lenye mpira, tunazifuatisha chesisi, ule mfupa wa chuma wa gari, mbali na bomba la moshi, mpaka kona ya nyuma. Kitufe cha pili kinafanya kazi ile ile ya cha kwanza, na cha kwanza kinabaki. Baba Imani anataka cha mbele king'olewe kabisa, anasema vitu viwili vya kazi moja huleta ugomvi. Mimi nasema kibaki, siku cha nyuma kikigoma tutafungua na nini? Hapo hatujaelewana.

Pa kukiweka ndipo nimepafikiria sana. Kwenye mlango wenyewe sitaki. Waya zinazopita penye bawaba hukunjwa kila mlango unaposhuka na kupanda, na siku moja zitakatika ndani kwa ndani, uanze kutafuta ugonjwa usioonekana. Juu ya bampa katikati pia sitaki, kwa sababu anayebonyeza atakuwa amesimama pale pale mlango unaposhukia, na sufuria ya moto mkononi. Nimechagua kona ya kushoto, chini ya taa, kitufe kikitazama upande. Ukikibonyeza kwa kiwiko au kwa goti, unakuwa umesimama kando na mlango unapita mbele yako. Na kushoto ndiko kuliko na ukingo wa barabara. Hatutasimama upande wa magari yanayopita.

Nilipomwonyesha Mama Baraka mchoro wangu alicheka, akasema shemeji yake aliye Texas ana Toyota Tundra ya 2022 yenye kitufe hapo hapo, kwenye taa ya nyuma ya kushoto, cha kugongwa kwa kiwiko mikono ikiwa na mizigo. Nilifurahi sana, kwamba watu wa kiwandani nao waliona shida hii hii. Halafu nikakumbuka kwamba Marekani wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo huko kushoto ni upande wa dereva na wa magari yanayopita. Kwetu kushoto ni upande wa watembea kwa miguu. Kona ile ile moja, lakini kwetu imekaa vizuri zaidi kuliko kwao.

Kitufe chenyewe nimeshanunua Luthuli. Ni cha chuma kisichoshika kutu, kinaingia kwenye tundu la milimita 19. Nusura ninunue kile kinachobaki ndani ukikibonyeza, mwenye duka akaniuliza kazi ni gani, nilipomweleza akakirudisha akanipa kinachorudi chenyewe. Kimeandikwa IP67. Akanieleza kwamba 6 ni vumbi, haliingii kabisa, na 7 ni kwamba kikizama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30 bado kitakuwa kizima. Lakini hayo ni maji yaliyotulia, si ya mashine ya presha. Vijana wanaotuoshea gari nimeshawaambia wasiuelekeze mpira wao kwenye kona ile. Na ile kona ya bampa ni ya plastiki, kwa hiyo tundu halitaleta kutu.

Sasa linaloninyima usingizi. Nilimuuliza yule kijana, je, mtu mwingine akikibonyeza? Akasema, "Nani atajua kiko hapo?" Mama Neema, hii ni Nairobi. Foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, magari yamesimama, chakula cha watu kiko nyuma pamoja na masinia ya kukodi, na kitufe kiko nje kama kengele ya geti. Watajua kabla ya wiki kuisha. Hata watoto wa plotini watajua, watakibonyeza kwa kuchezea, na mlango umshukie mmoja wao kichwani.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Nilichofikia ni hiki, na ndicho kilicho kwenye mchoro. Waya wa kitufe cha nyuma usiende moja kwa moja, upitie kwanza kwenye rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, ya miguu 5 yenye namba, mmoja wake 87a. Kama sijasahau ulivyonifundisha, 30 na 87a zimeshikana rilei ikiwa imelala, na zinaachana ikipata moto kwenye 85 na 86. Basi tuipe moto kutoka kwenye waya unaowaka ufunguo ukiwashwa. Gari likiwa linaendeshwa, rilei imeamka, kitufe cha nyuma kimekufa, hata wakigonga kwa nyundo. Tukifika, nikizima gari, kitufe kinafufuka chenyewe. Na gari likiwa limezimwa rilei hainywi betri.

Kwa usiku gari likiwa limelala, nataka kuongeza swichi ndogo ya siri ndani, kwenye waya huo huo. Tukifika kazini naiwasha mara moja, tunapakua mpaka mwisho bila kurudi mbele, tukimaliza naizima. Nikisahau kuizima njiani ufunguo unanilinda, nikisahau nyumbani hakuna wa kunilinda. Nimefikiria kuipachika karibu na breki ya mkono ili mkono ukienda pale unikumbushe.

Nimemweleza Baba Imani mara mbili. Mara ya kwanza alisinzia kwa dawa za maumivu. Mara ya pili alisikiliza yote, akaniuliza swali moja tu: siku ya mvua atalazimika kumwita mtu? Nikamwambia hapana, atagusa kwa goti. Akanyamaza, kisha akasema basi mwite Mama Neema. Ndiyo maana naandika.

Yule kijana wa Kariobangi yuko tayari kufanya kazi, na anataka shilingi 3,500 kwa ufundi pamoja na waya. Sina shida na pesa hiyo. Ila nilimuona akiunga waya kwenye gari jingine, anazisokota kwa vidole anafunga utepe mweusi, basi. Gundi ya ule utepe ikipata joto inalegea, na chini ya gari kuna matope na kutetemeka kila siku. Nataka viungo vibanwe kwa vishikizo vya chuma na kufunikwa na ule mpira unaonywea kwa moto. Akiona umesimama pale atafanya vizuri, nina hakika. Ana mkono mwepesi, hajapata wa kumwonyesha tu.

Habari nyingine, chama kinaendelea, zamu ya mwezi huu ni ya yule wa cherehani, na Mwenyekiti bado anaweka kumbukumbu kwenye daftari lile lile la jalada la bluu. Walikuulizia. Imani ameota meno mawili ya mbele na anataka umwone akiuma muhindi.

Sasa nijibu haya. Ile rilei nimeielewa sawasawa, au nimegeuza 87 na 87a? Waya wa kuipa moto tuuchukue wapi kwenye kisanduku cha fyuzi, na tuuwekee fyuzi ya ngapi, ampea 1 au 2? Waya wa milimita za mraba 0.75 unatosha kwa ishara, au nitafute mnene zaidi kwa sababu ya urefu wa gari? Maji yakiingia kwenye kitufe siku moja na waya zikagusana, mlango hautajifungua wenyewe usiku? Mimi nadhani swichi ya siri ikiwa imezimwa hauwezi, lakini nataka kusikia kutoka kwako. Wewe ungekiacha kitufe cha mbele au ungeking'oa? Na hapo Thika bado yuko yule dada wa mazoezi ya viungo aliyemsaidia mama yako? Anapokea watu siku gani?

Jumapili tumepewa ubatizo Donholm lakini ni chakula cha watu 40 tu, saa nane tutakuwa tumerudi. Unaweza kuja? Nitamwambia kijana wa Kariobangi aje saa tisa. Nauli nitakutumia, usikatae, na mkate wa sinia nitakuokea wa kubeba. Uje na mita, na ile koleo yako ya kubana vishikizo, hapa hakuna aliye nayo.

Nakungoja.

Wako,
Mama Imani