Risala ya Chama cha Wanabiolojia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Bustani ya Shule

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuvuka feri ya Likoni na jua hili ili uje utusikilize. Foleni ya pale tunaijua, na hatukuichukulia safari yako kuwa jambo dogo.

Mheshimiwa, tulipoomba kipande cha ardhi nyuma ya maabara, wengi walidhani tunataka kupanda maua ya kupendezesha ua wa shule. Nia yetu ilikuwa nyingine. Tulitaka kuipanda bustani kwa nasaba, kama mzee anavyohesabu ukoo wake, akianza na mababu ndipo afike kwa wajukuu.

Ukiingia utakutana kwanza na mtapo. Mtapo hautoi ua. Mbegu zake hukaa wazi kwenye koni, hazina tunda la kuzifunika. Jamaa zake walikuwako duniani kabla ua lolote halijachanua, na leo aina zao zote ni kama 350 tu. Mimea itoayo maua ilikuja baadaye sana. Chembe za chavua yake zimeonekana kwenye miamba yenye umri wa miaka milioni 130 na zaidi, wakati dinosari wangali wakitembea. Kisha ikaenea kwa kasi ya ajabu, hata sasa ina spishi zipatazo 300,000. Kasi hiyo ilimsumbua Charles Darwin, aliyeamini kuwa viumbe hubadilika polepole. Mwaka 1879 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker akaliita jambo hilo fumbo la kuchukiza.

Tawi la kwanza kabisa la ukoo huu limebakiwa na aina moja tu ya mti, Amborella, nayo huota kisiwani New Caledonia peke yake. Hiyo hatuna. Lakini linalofuata ni tawi la yungiyungi, nalo limo katika beseni letu. Baada yake tumepanda mlangilangi na mstafeli ubavu kwa ubavu. Mama zetu wanaujua mlangilangi kwa harufu ya kikuba, ila wengi walishangaa kusikia kwamba ni ndugu wa damu wa mstafeli. Wote wawili ni wa tawi la kale.

Somo lililotuingia kuliko yote, Mheshimiwa, tulilipata kwenye nazi. Chavua inapolifikia yai la ua, hupeleka mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai, ikawa kiinitete, yaani mche mchanga ndani ya mbegu. Ya pili huungana na viini vilivyo jirani, ikawa akiba ya chakula cha mche. Mrusi Sergei Nawaschin ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1898. Mtapo huweka akiba kabla haujajua kama yai litatungwa, na lisipotungwa jasho lote limepotea. Mnazi hungoja mimba iingie ndipo uanze kuweka. Tulipasua nazi mezani tukaona: maji ya dafu na nyama ya nazi ndiyo akiba yenyewe, na kiinitete ni kidude kidogo cheupe kilichojificha chini ya jicho moja laini. Nazi ikianza kuota, joya, lile donge laini kama sifongo ndani yake, ndilo linaloifyonza akiba hiyo. Sote tumekula joya tangu utotoni, na hatukujua kwamba tulikuwa tukila kinywa cha mche. Wali wetu, ugali na mkate vinatokana na akiba ya namna hiyo hiyo.

Safari ya mikoko nayo ilitufundisha jingine. Kenya ina aina tisa za mikoko, nasi tulidhani zote ni ukoo mmoja kwa sababu zimesimama tope moja. Sivyo. Mkomafi ni wa ukoo wa mwarobaini. Msikundazi uko ukoo mmoja na mbuyu, na pamba, na hata bamia tunayopika nyumbani. Ule uitwao mkoko hasa, na mchu, kila mmoja una ukoo wake: mizizi ya mkoko imejitanda kama miguu ya kaa, ya mchu imechomoza matopeni kama penseli. Ni koo mbalimbali za nchi kavu, na kila moja ilizoea chumvi kwa njia yake. Nyasi za bahari zilikwenda mbali zaidi, maana huchanua chini ya maji na chavua yake hubebwa na maji.

Mbuyu hatukuupanda, tuliukuta. Maua yake hufunguka wakati wa magharibi, nao popo huja usiku kunywa asali yake na kubeba chavua. Asumini tumeupanda chini yake, kwa kuwa nao huwaita nondo gizani kwa weupe na harufu.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. La kwanza ni tangi la maji ya mvua. Kisima chetu kina chumvi, yungiyungi wetu wamekufa mara mbili, na hawa wa sasa tunawabebea maji kwa madumu kutoka nyumbani. La pili ni hadubini. Tumeeleza habari za chavua mbele yako, lakini wengi wetu hatujaiona kwa macho, na jambo hilo linatuuma. La tatu ni usafiri wa kwenda Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Tunataka kuwasikiliza wazee wakitutajia miti kwa majina yake, tuyaandike pamoja na koo zake.

Mwisho, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu, tunakuomba upite bustanini kabla ya chakula wala si baadaye. Yungiyungi mmoja amechanua leo asubuhi, na jua likianza kushuka hujifunga.

Tunaomba kuwasilisha.