Uliniuliza nani aliongoza Chhoti Bahen

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na watoto ni wazima, na mama anaendelea vizuri na magoti yake. Sisi huku hatujambo.

Uliniuliza ule wimbo wa rakhi (uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi) anaoupenda mama, wa dada kumwomba kaka yake autunze udugu wao, umetoka picha gani na nani aliitengeneza. Ni Chhoti Bahen ya mwaka 1959, waliocheza ni Nanda na Balraj Sahni, na sauti ni ya Lata Mangeshkar. Mwongozaji ni L. V. Prasad. Ningeweza kuishia hapo, lakini naona si haki kwamba sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunamjua Raj Kapoor, tunamjua Meena Kumari, na mtu aliyewaongoza hatujawahi kumtaja.

Wala si mtu wa Bombay. Ni Mtelugu, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1908 kijijini karibu na Eluru, kusini mwa India. Masomo hayakumvutia, maigizo ndiyo yaliyomteka. Aliozeshwa angali kijana, baba yake akaelemewa na madeni, naye akaondoka kimyakimya kwenda Bombay kutafuta kazi ya sinema. Alianza kwa kutumwa huku na huku kwenye kampuni za filamu. Kampuni ya Imperial ilipotengeneza Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, mwaka 1931, akapata sehemu ndogo. Mwaka uleule akaonekana katika Kalidas, ya kwanza ya Kitamil, halafu 1932 katika Bhakta Prahlada, ya kwanza ya Kitelugu. Hebu fikiria, Rukia: sinema inaanza kusema kwa lugha tatu, na kijana huyuhuyu yumo katika zote tatu!

Kuongoza alianza 1946, kwa Gruhapravesam ya Kitelugu, ambayo steringi wake alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 1949, katika Mana Desam, alimpa kijana mmoja sehemu ya inspekta wa polisi. Kijana huyo ni N. T. Rama Rao, aliyekuja kuwa nyota mkubwa kabisa wa Watelugu na baadaye waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Kisha ikaja Missamma, 1955, na hii ndiyo naipenda kuliko zote. Shule inataka walimu wawili walio mume na mke. Mwanamume na mwanamke wasiojuana, wote hawana kazi na wana shida ya pesa, wanakubaliana kujifanya wameoana. Mwanamume Mhindu, mwanamke Mkristo, nyumba moja, ugomvi kila siku. Vichekesho vyake havimdhalilishi mtu yeyote, nami namheshimu sana Prasad kwa hilo.

Missamma ilitengenezwa pamoja na toleo la Kitamil, na mwaka 1957 Prasad akaiongoza tena kwa Kihindi, ikaitwa Miss Mary, safari hii Meena Kumari akiwa mwalimu. Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Picha nyingi tulizozihesabu kuwa za Bombay zilikuwa zimeshawaliza watu wa kusini kwanza. Hata Chhoti Bahen ya mama hadithi yake ilitangulia kwa Kitamil. Milan ya 1967, yule mwendesha mashua Sunil Dutt na Nutan, ilitoka kwenye filamu ya Kitelugu, na Prasad ndiye aliyeitayarisha. Ek Duuje Ke Liye ya 1981 ni hivyohivyo, pesa zake tena. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya kunakili tu. Mimi sikubali. Hadithi ya nyumbani ikihama lugha hupoteza mengi: nani anamwonea nani haya, mkwe anakaa wapi, kaka ana deni gani kwa dada. Prasad alijua kuyajenga hayo upya mpaka familia isiyowahi kufika Madras, mji wa kusini unaoitwa Chennai siku hizi, ijione mle ndani.

Tazama Sharada, 1957. Raj Kapoor anampenda Meena Kumari, anasafiri, inaaminika amekufa katika ajali ya ndege. Anaporudi anamkuta ni mke wa baba yake. Mwanamke aliyetaka kumuoa sasa anapaswa kumwita mama! Mwongozaji mwingine angeijaza picha hiyo vilio. Prasad anaiacha ituumize kwa heshima: watu wanainamisha macho, wanapeana chakula, wanakaa mbali. Usiitazame peke yako usiku.

Pia alijenga studio Madras, na 1976 maabara ya kusafisha na kuchapa filamu. Alam Ara haijabaki hata nakala moja, na kampuni aliyoianzisha leo inafanya kazi ya kukarabati filamu za zamani zisipotee. Jambo hilo linanigusa sana.

Uzeeni alirudi mbele ya kamera katika Raja Paarvai ya 1981, akiwa babu anayeutetea upendo wa mjukuu wake na kijana kipofu, aliyechezwa na Kamal Haasan. Baadaye yeye na familia yake walitoa ardhi na fedha za kuanzisha hospitali ya macho Hyderabad, iliyofunguliwa 1987 na kupewa jina lake, ambako wagonjwa wengi wasio na uwezo hutibiwa bure. Tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote katika sinema ya India, alipewa ya mwaka 1982. Alifariki Juni 1994.

Mwambie mama aanze na Miss Mary, maana yeye hupenda kucheka kwanza, na Kishore Kumar yumo. Sharada mngoje Ijumaa mkiwa wote, kisha niandikie alisema nini kuhusu yule baba. Mimi namtetea, dada yangu mkubwa hataki hata kumsikia.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Zuhura